Lile Bomu Lililomkosa Amin

Najua nimepotea, na kuna walionitumia meseji kuuliza kama nimefariki au nimeoa. Hakuna kati ya hayo, ni mitihani tu. Madesa yamejaa mezani, bumu limeshakata, na upepo wa mwezi wa saba hapa Dodoma unapuliza vumbi mpaka ndani ya daftari. Lakini kuna jambo limenikaa rohoni tangu Siku ya Mashujaa, na nisipolitoa hapa nitaingia nalo kwenye chumba cha mtihani, nimjibu msahihishaji kitu ambacho hajaniuliza. Kwa hiyo leo naomba mnivumilie, mada ni nzito kidogo.

Kama mnavyojua, nimepanga chumba huku Miyuji. Mwenye nyumba ni mzee wa Kigogo, mstaafu, mpole, mtu wa kuamka alfajiri kuangalia mizabibu yake michache nyuma ya nyumba. Ukimwamkia "shikamoo" anaitikia vizuri, lakini ukimwambia "mbukwa" ndiyo anafurahi zaidi, hata kodi anaweza kukusogezea wiki moja mbele (nimejaribu, inafanya kazi).

Usiku wa Julai 25 tulikuwa wanne chumbani kwangu, tunaangalia filamu kwenye laptop. Ilikuwa ya wale maofisa wa jeshi la Ujerumani waliotaka kumuua Hitler mwaka 1944. Laptop ikaisha chaji kabla filamu haijaisha, basi ubishi ukachukua nafasi. Mmoja wetu anasoma uchumi, tumwite Mchumi kwa sababu jina lake akiliona hapa hatanikopesha tena. Mchumi akasema hivi: "Wajerumani angalau walijaribu. Hebu niambieni, Amin kakaa madarakani miaka minane, watu wanapotea kila siku, hivi Uganda nzima alikosekana mtu mmoja wa kumpiga risasi? Risasi moja bei gani? Sisi vita ile inasemekana ilitugharimu dola milioni 500. Pigeni hesabu wenyewe."

Watu wakacheka. Mimi kwa kuwa ndiye wa historia nikarukia. Nikamwambia walijaribu bwana, tena mara nyingi. Nikaanza kuwahadithia lile bomu la Nsambya, na nikiri nilikuwa nahadithia kwa mbwembwe, kama mtu anayesimulia goli la dakika za majeruhi lililogonga mwamba. Sauti zikapanda. Mara mlango ukagongwa. Tukajua mzee kaja kutunyamazisha. Tukaomba radhi hata kabla hajasema kitu.

Hakuja kutunyamazisha. Alisimama mlangoni na koti lake la baridi, akauliza, "Hilo bomu mnalosema lilirushwa mwaka gani?"

Nikamjibu, "Sabini na sita, mzee. Mwezi wa sita."

Akanyamaza kidogo, kama anahesabu. Kisha akasema, "Basi kama lingempata, kaka yangu angekuwepo." Akatuambia tulale, kesho tuna masomo, akarudi kwake.

Nimekaa kwenye nyumba ya mzee huyu miaka miwili. Sikujua kama alikuwa na kaka. Asubuhi yake ndiyo nikaambiwa na mama mwenye nyumba: kaka mkubwa, aliondoka kwa treni kutoka stesheni ya Dodoma mwishoni mwa 1978, treni ya zamani ile ya kwenda Tabora na Mwanza, si hii SGR ya siku hizi. Mzee wetu alikuwa kijana, alimsindikiza amebeba begi lake. Kaka hakurudi. Kaburi lake liko Kaboya, kule Muleba mkoani Kagera, walikolala mashujaa wengi wa vita ile. Mzee amefika huko mara moja tu maishani mwake.

Sasa wadau, toka siku hiyo nina watu wawili kichwani. Mchumi na risasi yake moja, na mzee na kaka yake. Nataka niwajibu wote wawili, ingawa nawajibu tofauti.

Kwanza tuweke rekodi sawa. Kusema hakuna aliyejaribu kumuondoa Amin si kweli, na sisi Watanzania ndio tulitakiwa kuwa wa mwisho kusema hivyo, kwa sababu jaribio la kwanza kubwa lilitokea kwetu. Septemba 17, 1972, zaidi ya wapiganaji elfu moja waliokuwa upande wa Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania kuingia Uganda, wengine wakielekea Masaka, wengine Mbarara. Yoweri Museveni alikuwa mmoja wa waliokwenda Mbarara. Mpango ulikuwa pia na ndege: ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki ichukuliwe Dar es Salaam, ipitie Kilimanjaro kubeba makomandoo, iwashushe Entebbe, Amin apigwe pigo moja la ghafla. Ndege ilipotua Kilimanjaro matairi yakapasuka. Safari ikafia hapohapo. Waliotangulia kwa barabara wakakutana na jeshi lililokuwa limeshajipanga, na ndani ya siku chache kila kitu kikawa kimekwisha.

Machi 1974 ikawa zamu ya watu wa ndani ya jeshi lake mwenyewe. Brigedia Charles Arube, mkubwa jeshini na Mkakwa kama Amin, akaongoza jaribio la kumpindua mjini Kampala. Likashindwa, Arube akafa.

Ndipo ikaja Juni 10, 1976, hiyo ya Nsambya. Amin alikuwa amehudhuria gwaride la polisi waliohitimu mafunzo. Akiwa anaondoka kwenye gari la wazi, mabomu ya mkono yakarushwa. Dereva wake aliyekuwa naye garini akafa. Amin akatoka mzima.

Juni 1977 tena, maofisa wa jeshi la anga na wenzao wakapanga kumuua. Mpango huo unajulikana kwa jina la Mafuta Mingi. Ukavuja kabla haujatimia.

Kwa hiyo Mchumi, watu walikuwepo, na walijaribu kwa silaha za kila aina. Walichokosa si ujasiri. Swali lako la bei ya risasi ndilo lenye kasoro, maana umehesabu bei ya risasi inayopata tu. Mimi nataka tuhesabu bei ya risasi inayokosa, na zaidi ya hapo, nani anailipa. Kwa sababu aliyerusha mara nyingi amekufa au amekimbia. Anayelipa ni mwingine kabisa, ambaye hata hakuulizwa.

Tuanze na 1972. Uvamizi ulishindwa kati ya Septemba 17 na siku chache zilizofuata. Septemba 21, mchana kweupe, watu wa Amin waliingia Mahakama Kuu mjini Kampala wakamchukua Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka. Huyu ndiye aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda kabla ya Obote. Hakurudi. Mwezi uliofuata, Oktoba, wakaenda Makerere wakamchukua Makamu Mkuu wa Chuo, Frank Kalimuzo. Naye hakurudi. Hebu jiwekeeni picha, mnaamka asubuhi mnaambiwa makamu mkuu wa chuo chenu kachukuliwa, na siku inaendelea, vipindi vinaendelea, na hakuna wa kumuuliza. Kule Mbarara na kwingineko watu waliodhaniwa tu kuwa ni wa Obote waliuawa. Na huku kwetu ndege za Amin ziliangusha mabomu Bukoba na Mwanza. Oktoba hiyohiyo tukatia saini makubaliano ya Mogadishu ya kuondoa majeshi mpakani. Maana yake, baada ya pigo lile lililokosa, Amin alitoka na mkataba mkononi, na wapinzani wake wakatoka mikono mitupu.

Njoo 1976. Bomu la Nsambya lilirushwa Juni 10. Juni 25, yaani siku 15 tu baadaye, Amin akatangazwa Rais wa Maisha. Siwezi kusema kwamba bomu ndilo lililompa cheo hicho, tamaa alikuwa nayo tangu zamani. Lakini bomu halikumpunguzia chochote. Mwezi huohuo wa Juni, Theresa Nanziri Bukenya, mlezi wa wanafunzi wa kike Africa Hall pale Makerere, aliuawa akiwa mjamzito. Alikuwa anatarajiwa kutoa ushahidi kuhusu kupotea kwa Esther Chesire, mwanafunzi kutoka Kenya aliyechukuliwa uwanja wa ndege wa Entebbe mapema mwaka ule. Na Agosti wanajeshi wakaingia chuoni wakawapiga wanafunzi. Mambo haya yalikuwa na sababu zake, si lazima yatokane na Nsambya. Ninachosema ni kwamba katika nchi ambayo mtawala anaishi akiogopa bomu, kila anayeuliza swali anaonekana ameficha bomu.

Februari 1977 likaja la Askofu Mkuu Janani Luwum. Serikali ilidai kuna njama ya kuipindua, silaha zimekamatwa. Februari 16 askofu na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wakauawa, kisha dunia ikaambiwa ni ajali ya gari. Baada ya Mafuta Mingi mwaka huohuo, Septemba, watu wakafungwa kwenye nguzo na kupigwa risasi hadharani pale Mnara wa Saa, Kampala, na wananchi wakiangalia.

Makadirio ya waliouawa chini ya Amin yanaanzia 80,000 mpaka 300,000 na kuna wanaotaja zaidi. Si wote walikufa kwa sababu ya majaribio haya. Lakini ukisoma mfululizo huu utaona kila bomu lililokosa lilimpa Amin orodha mpya ya watu wa kuwachukua, na sababu ya kuwaambia wananchi kwa nini.

Na kuna kingine alichopewa. Amin alikuwa anapenda kusema kwamba ameoteshwa siku atakayokufa. Sasa mtu anasema hivyo, halafu bomu linarushwa kwenye gari lake, dereva anakufa, yeye anatoka mzima. Mwananchi wa kawaida anafikiria nini? Hitler naye vilevile. Novemba 1939 fundi mmoja, Georg Elser, alitega bomu kwenye ukumbi wa bia Munich, Hitler akaondoka dakika 13 kabla halijalipuka, wakafa watu 8 wengine. Julai 20, 1944, ile ya kwenye filamu, mkoba wa Stauffenberg ulisogezwa nyuma ya mguu wa meza, wakafa watu wanne, Hitler akapona. Usiku huohuo akazungumza redioni kwamba ameokolewa ili aendelee na kazi yake. Akaendelea nayo miezi tisa mingine, na maelfu wakakamatwa. Dikteta akinusurika hawi dikteta yuleyule wa jana, anakuwa dikteta ambaye sasa ana ushahidi kwamba mbingu ziko upande wake.

Hapa ndipo nataka niwaambie kitu ambacho wengi hatukifahamu, na ndicho kilichonifanya nibadili msimamo wangu mwenyewe. Maana mimi pia kabla ya kusoma haya nilikuwa Mchumi mtupu.

Desemba 19, 1969, mjini Kampala, Milton Obote alikuwa anatoka kwenye mkutano wa chama chake pale Lugogo. Akapigwa risasi ya mdomoni. Bomu la mkono nalo likarushwa, halikulipuka. Obote akapona. Kilichofuata ni kwamba vyama vya upinzani vilipigwa marufuku na hali ya hatari ikatangazwa nchi nzima. Na usiku ule mkuu wa jeshi, Idi Amin, alikimbia nyumbani kwake na kujificha. Brigedia Pierino Okoya akamsema wazi mbele ya maofisa wenzake kwamba amekimbia kazi. Januari 25, 1970, Okoya na mkewe wakakutwa wameuawa nyumbani kwao Gulu. Kidole kikaanza kumwelekea Amin, yeye na Obote wakaanza kuviziana. Mwaka mmoja kamili baadaye, Januari 25, 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin akachukua nchi.

Mnaona mnyororo? Risasi iliyomkosa Obote ni moja ya vitu vilivyotuletea Amin. Aliyelenga pale Lugogo bila shaka naye alijua anaiokoa nchi yake kwa bei ya risasi moja.

Na Amin alipoingia, Kampala ilishangilia. Watu walicheza barabarani. Uingereza ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kumtambua. Mwaka 1975 marais wa Afrika walikwenda Kampala kwenye mkutano wa OAU wakamfanya mwenyekiti wao. Tanzania, Zambia na Botswana zikasusia. Kahawa ya Uganda iliendelea kununuliwa miaka yote hiyo, Marekani ikaja kuipiga marufuku Oktoba 1978, mwezi uleule ambao majeshi ya Amin yaliingia Kagera. Hela za kahawa ndizo zilikuwa zinanunua whisky na redio za wanajeshi wake. Sasa hapo umpige risasi nani? Ukimpiga Amin peke yake unamwachia nani zile bunduki, yale magari yasiyo na namba, na vile vyumba vya mateso pale Nakasero?

Kwa hiyo jibu langu kwa Mchumi ni hili: swali "kwa nini hakuna aliyemuua?" ni swali la filamu. Linatufanya tudhani udikteta ni mtu mmoja, na sisi wengine wote ni watazamaji tunaosubiri mlengaji mzuri. Swali la maana ni "nani alikuwa anamshikilia pale?" Na hilo ni gumu zaidi kwa sababu majibu yake yana majina mengi, mengine ya watu wa heshima.

Angalieni alivyoondoka mwishowe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yalishika kipande cha nchi yetu chenye kilomita za mraba zipatazo 1,800, mpaka kwenye Mto Kagera. Wananchi wa kule wakauawa, makadirio yanataja watu wapatao 1,500, ng'ombe wakaswagwa, nyumba zikachomwa. Mwalimu akatangaza vita. Safari hii hakukuwa na ndege ya kuiba wala pigo la usiku mmoja. Kulikuwa na jeshi na mgambo waliotembea kwa miguu kutoka Mutukula mpaka Kampala, na kule Moshi, Machi 1979, vikundi zaidi ya 20 vya Waganda vilivyokuwa havisalimiani vikakaa meza moja kuunda umoja wao. Na muhimu kuliko yote, wanajeshi wa Amin wenyewe walikuwa wamechoka kufa kwa ajili yake, wakawa wanakimbia. Aprili 11, 1979 Kampala ikachukuliwa. Waliokuwa wanamshikilia walipomwachia, alianguka bila hata kuguswa. Akaenda Libya, kisha Saudi Arabia, akafa kitandani Jeddah Agosti 16, 2003. Hakuna risasi iliyowahi kumpata.

Na msije mkadhani nasema vita ndiyo njia nzuri. Vita ile ilituacha na miezi 18 tuliyoambiwa tufunge mkanda, na wazee wetu wanasema mkanda ule haukufunguliwa kwa wakati. Na Uganda haikupata raha siku ya pili yake. Yusuf Lule alikaa siku 68, akaja Binaisa, akaondolewa, akarudi Obote, ikaja Luwero, akaja Okello, mpaka Museveni akaingia Januari 1986. Mtu alikuwa ameondoka. Zile bunduki, na tabia ya kuamini bunduki, vilikuwa vimebaki palepale.

Hayo ndiyo majibu yangu kwa Mchumi, na kwenye karatasi ya mtihani nadhani ningepata "B+" nzuri tu.

Tatizo ni mzee.

Kwa sababu mzee hakusema kitu cha uongo. Kama bomu lile lingempata Amin Juni 1976, inawezekana kabisa kusingekuwa na Oktoba 1978. Naweza kumwambia mzee kwamba angekuja mwingine kama Amin, lakini yule mwingine si lazima angeivamia Kagera. Naweza kumweleza habari za kahawa na OAU na Nakasero mpaka asubuhi, na kaka yake bado atakuwa Kaboya. Kuna watu hapa nchini ambao hii si mada ya semina. Inatajwa mara nyingi kwamba askari wetu waliokufa katika vita ile ni 373, na chini ya 100 kati yao ndio waliouawa kwenye mapigano yenyewe. Wengine ni ajali, ni mambo mengine ya safari ya jeshi. Kila namba hapo ina mdogo wake aliyebeba begi stesheni.

Kwa hiyo nilijiuliza, mimi ni nani wa kumwambia mzee kwamba anatamani kitu kibaya? Nikaamua sitamwambia hivyo. Anayo haki ya kutamani. Ambaye hana haki hiyo ni mimi na Mchumi, tunaokaa kwenye chumba cha kupanga, tumeshiba wali maharage, tunagawa risasi kwa watu wa kale kama tunagawa karata. Nilivyohadithia ile Nsambya usiku ule, nilisema "dereva akafa" halaka halaka, nikaruka kwenda kwenye sehemu tamu, kwamba Amin alipona. Dereva nilimfanya kama nukta kwenye sentensi. Hicho ndicho kinachonikera mpaka leo.

Nina sababu nyingine ya kuandika haya. Siku hizi ukipita mtandaoni, nchi yoyote ya Afrika ikipata matatizo, wa kwanza kuandika ni yule anayesema "huyo dawa yake ni moja tu". Na sisi vijana wasomi ndio tunaoongoza kubonyeza kidole gumba. Ni rahisi, maana hakutaki kusoma katiba wala kuunda chama cha wanafunzi chenye kueleweka, wala kukataa kupokea bahasha, wala kusimama kumtetea jirani anapochukuliwa peke yake. Kinataka mtu mwingine ajitolee kufa na mtu mwingine alipe. Sisi tubaki na filamu.

Jumapili jioni nilikwenda kumsalimia mzee kwenye mizabibu yake. Nikamwambia, "Mzee, juzi tulikukosea, tuliongea vita kama mpira." Akasema, "Mnaongea kama Simba na Yanga, ndiyo, lakini si kosa lenu, hamkuwepo." Akaendelea kukata majani makavu. Nikaona nimwambie yale niliyoyaruka. Nikamweleza kwamba lile bomu halikupotea bure hewani, lilimuua dereva. Na baada ya hapo wakakamatwa wengine wengi.

Akasimamisha kisu. Akafikiria muda mrefu kidogo, halafu akasema, "Basi na huyo dereva alikuwa mtoto wa mtu."

Nikamjibu ndiyo.

"Na mimi nilikuwa sijamhesabu," akasema. Kisha akanipa kichala kimoja cha zabibu za mwisho wa msimu, kikavu kavu lakini kitamu, akaniambia nigawane na wenzangu, hasa yule anayeongea kwa sauti.

Mchumi kala nusu peke yake. Bado anashikilia msimamo wake wa risasi moja, ila jana aliniuliza nauli ya kwenda Muleba ni kiasi gani, na kama bodi ikiingiza hela mapema tunaweza kumpeleka mzee Kaboya kabla chuo hakijafungwa. Nimemwambia apige hesabu, yeye si ndiye mchumi. Wenye kujua usafiri wa kule, hasa wadau wa Bukoba, nijulisheni.

Narudi kwenye madesa. Tuombeane.